Mkebe, sindano na jua la Nyakoe

Haina lenzi, haina betri wala kioo cha kubonyeza. Hata hivyo, kamera ya kujitengenezea inaweza kumwachia nyanya picha ya kutundika ukutani

Mpenzi msomaji, je, unayo picha ya nyanya yako? Bila shaka utatia mkono mfukoni, utoe simu na kuanza kutafuta. Baada ya kupita picha za harusi, za vyakula na za wanasiasa, hatimaye utampata ameketi kwenye kigoda, akitabasamu. Sasa hebu nikuulize swali la pili: yeye nyanya anayo hiyo picha uliyompiga?

Katika nyumba nyingi za mashambani, picha zilizoko ukutani ni za zamani, nyeusi na nyeupe, zilizopigwa studioni na kusafishwa katika chumba cha giza. Zimebadilika rangi kidogo, lakini zipo. Picha zetu za siku hizi ni nyingi kama mchanga, na siku simu inapoibwa ndani ya matatu, zote huenda nayo. Hili ni jambo la kufikiria kabla ya likizo ijayo, watoto watakapofunga safari kwenda mashambani.

Tuseme safari yenyewe ni ya Nyakoe. Ukiondoka mjini Kisii kufuata barabara ya Oyugis na Kisumu, hukawii kufika katika soko hilo linalosifika kwa ndizi. Watoto wa mjini wakifika huko, siku ya kwanza hufurahi, siku ya pili huuliza mahali pa kuchaji simu, na siku ya tatu huanza kunung'unika. Basi mwaka huu wape kazi. Waambie watapiga picha kwa mkebe mtupu, na kuisafisha kwa kahawa.

Usicheke! Haya si mazingaombwe. Ni sayansi ileile ambayo wanafunzi wa mfumo wa 8-4-4 walifundishwa katika somo la fizikia, Kidato cha Kwanza, chini ya mada ya mwanga kusafiri kwa mstari mnyoofu. Wengi waliikariri kanuni, wakaiandika katika mtihani na kupata alama zao, bila kuiona picha yenyewe hata siku moja. Kusikia si kuona.

Siri ya tundu dogo

Kwa nini tundu dogo lichore picha? Mwanga husafiri moja kwa moja, haupindi kona. Mwanga unaotoka kichwani mwa mtu aliye mbele ya mkebe hupita kwenye tundu ukielekea chini, na ule unaotoka miguuni hupita ukielekea juu. Kwa hivyo ndani ya mkebe mtu huyo huonekana kichwa chini, miguu juu. Tundu likiwa kubwa, mwanga kutoka kila sehemu ya mwili hutapakaa na kuchanganyika, na picha huwa ukungu mtupu. Tundu likiwa dogo, kila sehemu hupata mahali pake.

Maarifa haya ni ya kale. Ibn al-Haytham, mtaalamu aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965, alichunguza jinsi umbo la jua lililopatwa linavyojichora baada ya mwanga kupita kwenye tundu dogo. Hata jina "kamera" lina asili ya neno la Kilatini lenye maana ya chumba. Kabla ya kuwa chombo cha mkononi, kamera ilikuwa chumba kizima chenye giza, na tundu moja ukutani.

Huna haja ya kwenda mbali kushuhudia. Simama chini ya mti saa sita mchana utazame vidoa vya mwanga ardhini. Nafasi kati ya majani zina pembe za kila namna, lakini vidoa vingi ni vya mviringo. Kila kidoa ni picha ya jua! Mnamo Novemba 3, 2013, jua lilipopatwa na kuonekana limemegeka katika sehemu nyingi za Kenya, vidoa kama hivyo viligeuka kuwa hilali ndogondogo. Lakini tahadhari, msomaji: usilitazame jua lenyewe kupitia tunduni. Utazame mwanga uliotua chini au kwenye karatasi, basi.

Kutengeneza kamera

Chukua mkebe wa bati wenye kifuniko kinachobana, kama wa kakao au wa maziwa ya unga, wenye upana wa sentimita 12 hivi. Uoshe na kuukausha. Ndani uupake rangi nyeusi isiyong'aa, au ubandike karatasi nyeusi, ili mwanga usirukeruke. Ikiwa kifuniko ni cha plastiki, nacho kifunike kwa karatasi nyeusi, kwani plastiki nyingi hupenyeza mwanga.

Ubavuni mwa mkebe, katikati, toboa dirisha la ukubwa wa ukucha. Kisha kata kipande kidogo cha bati laini kutoka kwenye mkebe wa soda. Kiweke juu ya kadibodi na ukitoboe kwa ncha ya sindano nyembamba ya kushonea, ukiizungusha taratibu. Sugua upande wa nyuma kwa msasa laini hadi tundu liwe la mviringo, bila kingo zilizochanika. Kazi yote imo hapa. Tundu baya, picha mbaya. Kwa mkebe wa sentimita 12, tundu linalofaa ni la karibu nusu milimita. Bandika kipande hicho kwenye dirisha kwa utepe mweusi wa mafundi wa umeme, kisha funika tundu kwa kipande kingine cha utepe. Hicho ndicho kitasa cha kamera yako: ukikibandua, picha inaanza, ukikirudisha, imekwisha.

Je, utasimama umbali gani? Kanuni ya darasani sasa ina kazi. Zidisha urefu wa mtu kwa upana wa mkebe, kisha ugawanye kwa umbali wake kutoka kwa tundu. Nyanya mwenye urefu wa sentimita 160, akiwa sentimita 240 mbele ya mkebe wa sentimita 12, atatoa picha ya sentimita 8. Inatosha kabisa kumtambua.

Karatasi na saa

Ndani ya mkebe utaweka karatasi ya picha nyeusi na nyeupe, ile iliyotumiwa na studio za zamani. Bado hutengenezwa, kampuni za Ilford ya Uingereza na Foma ya Cheki ni miongoni mwa zinazoiuza. Agiza mapema, na usikubali muuzaji akufungulie pakiti akuonyeshe. Ikipigwa na mwanga, imekwisha! Wapo pia wanaotumia filamu za eksirei.

Karatasi nyingi za aina hii haziuoni mwanga mwekundu. Ndiyo maana vyumba vya giza vina taa nyekundu. Usiku, taa ndogo nyekundu ya nyuma ya baiskeli itakufaa, lakini ijaribu kwanza. Weka sarafu juu ya kipande cha karatasi mbele ya taa hiyo kwa dakika tano, kisha ukisafishe. Ukiona alama ya sarafu, taa yako si salama.

Ingiza karatasi mkebeni ukiwa gizani, ubavu wa pili, upande wenye dawa ukielekea tundu, na ufunge kifuniko imara. Sasa toka nje. Chini ya jua kali anza na dakika moja. Mbingu zikiwa na mawingu, jaribu dakika nne au tano, na kivulini kumi au zaidi. Andika katika daftari saa, hali ya anga na muda uliotumia. Picha ya kwanza ikiwa nyeusi tititi, umezidisha mwanga. Ikiwa nyeupe, umepunguza. Baada ya karatasi tatu au nne utaizoea kamera yako. Ukiwa Kisii, amka mapema, kwani mvua za huko hupenda kunyesha alasiri.

Mkebe nao lazima utulie. Uweke juu ya ukuta au kiti, na uuzuie kwa jiwe. Anayepigwa picha aketi na kuegemea kitu, maana dakika moja ya kutotikisika si mchezo. Lakini udhaifu huu una maajabu yake. Ukiuelekeza mkebe sokoni kwa dakika tano, wachuuzi na wateja wanaopita, bodaboda na matatu, wote watatoweka kana kwamba hawakuwapo. Kamera hii huwaona waliotulia tu. Mikungu ya ndizi itabaki, vibanda vitabaki, na pengine mama mmoja aliyesinzia.

Kahawa isiyonyweka

Sasa tumefika kwenye chumba cha giza. Karatasi ikitoka mkebeni haionyeshi kitu. Picha imo lakini imejificha. Ili itokeze inahitaji dawa. Mnamo mwaka 1995, mwalimu Scott Williams na wanafunzi wake katika Taasisi ya Teknolojia ya Rochester, Marekani, walionyesha kwamba kahawa inaweza kufanya kazi hiyo. Si kafeini inayofanya kazi, bali asidi nyingine zilizomo katika kahawa, na zinafanya kazi vyema zaidi zikichanganywa na magadi ya kufulia, ambayo kitaalamu ni kaboneti ya sodiamu. Baadaye wapenzi wa picha waliongeza vitamini C ili dawa iwe na nguvu.

Tazama basi jinsi mambo haya yalivyo karibu nasi. Kisii ni mojawapo ya sehemu za kwanza za Kenya ambako Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa, katika miaka ya 1930, wakati zao hilo lilikuwa limeshikwa na masetla. Nayo magadi, kule Ziwa Magadi kumekuwa na kampuni ya kuyachimba tangu 1911. Kwa nusu lita ya maji, yeyusha kwanza gramu 27 za magadi ya kufulia yaliyo makavu, kisha gramu 8 za unga wa vitamini C, na mwisho gramu 20 za kahawa ya kuyeyuka mara moja. Kahawa ya bei ya chini ndiyo bora kwa kazi hii. Subiri povu litulie.

Harufu yake? Afadhali usiulize. Si dawa ya kunywa, na vyombo utakavyotumia visirudi jikoni tena. Vaa glavu, kwani magadi huchoma ngozi na macho. Mtoto asifanye kazi hii bila mtu mzima kando yake.

Gizani, chini ya taa nyekundu, tumbukiza karatasi katika dawa na uitikisetikise beseni polepole. Baada ya muda utaona weusi ukiingia, kwanza mbinguni, kisha kandokando ya nyumba, kisha mtu. Dakika tatu hadi tano kwa kawaida hutosha. Suuza kwa maji, kisha uitie katika dawa ya kuidumisha picha. Dawa hii, haipo, ilichunguzwa na Mwingereza John Herschel mwaka 1819, kabla hata ya kamera za picha kuwapo. Usipoipata, chumvi ya jikoni inaweza kusaidia: gramu 300 kwa lita moja ya maji, karatasi ilale humo siku nzima gizani. Haifikii haipo kwa uimara, lakini huifanya picha istahimili mwanga. Mwisho suuza kwa maji safi mara nyingi, na uianike. Maji yaliyotumika yasimwagwe mtoni wala kwenye chemchemi.

Picha uliyo nayo sasa ni hasi: mbingu nyeusi, nywele nyeupe. Ili kupata chanya, rudi gizani, ilaze kifudifudi juu ya karatasi mpya, dawa kwa dawa, weka kioo juu na umulike kwa tochi nyeupe sekunde chache. Safisha karatasi hiyo mpya kama ile ya kwanza. Naye mwenye haraka anaweza kuipiga hasi kwa simu na kugeuza rangi humo. Lakini hapo nyanya atakuwa hajapata kitu cha kutundika ukutani.

Mboga, jua na subira

Ikiwa karatasi ya picha imekushinda bei, bado hujakosa. Mwaka 1842 Herschel huyohuyo alieleza jinsi ya kuchapa picha kwa maji ya maua na mimea. Ponda majani ya spinachi, au bitiruti, uchuje maji yake, upake karatasi nzito mara mbili tatu na uikaushe mbali na jua. Hata managu unaweza kuyajaribu. Hii ni kazi ya majaribio. Weka juu yake jani lenye umbo zuri, au kitambaa cha kufuma cha mezani, ufunike kwa kioo na uuache mzigo huo juani. Mahali palipopigwa na jua patafifia, palipofunikwa patabaki na rangi. Kazi hii huchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki. Picha hizo haziwezi kudumishwa kwa dawa, basi zihifadhi ndani ya kitabu, uzitoe kwa wageni maalum tu.

Manjano ya jikoni ni mepesi zaidi. Yakiyeyushwa katika spiriti na kupakwa karatasi, yanaweza kutoa picha kwa saa chache za jua kali.

Kuna pia picha ya jua lenyewe. Kata mkebe wa soda, ingiza karatasi ya picha, toboa tundu, uuzibe vizuri na kuufunga imara ukielekea mashariki. Kisha usahau kwa miezi sita, kutoka Juni 21 hadi Desemba 21. Kila siku jua litachora mstari mmoja, na karatasi hiyo haihitaji dawa. Itoe tu na uipige picha mara moja kabla haijaharibika. Nchini Uingereza, mwanafunzi Regina Valkenborgh aliacha mkebe wa bia kama huo katika kituo cha kutazamia nyota cha Chuo Kikuu cha Hertfordshire mwaka 2012, ukasahaulika. Ulipobanduliwa Septemba 2020, ulikuwa na mistari 2,953 ya jua, ya miaka minane na mwezi mmoja.

Huko Uingereza mistari hiyo imepinda kama upinde. Nyakoe haifiki hata nyuzi moja kusini mwa Ikweta, ile inayopita Maseno ng'ambo ya Kisumu. Kwa hivyo jua la huko huchomoza likipanda wima, na mistari ya mkebe wako itakuwa karibu minyoofu, sambamba kama nyuzi za obokano. Palipo na pengo, siku hiyo kulikuwa na mawingu. Hiyo ni shajara ya anga iliyoandikwa na jua lenyewe. Jambo moja tu: usiufunge mkebe kwenye nguzo ya barabarani au jengo la watu bila ruhusa. Mkebe uliozungushiwa utepe mweusi unaweza kuwatia watu hofu, na kwa haki.

Fundi huanza na kidogo

Usidhani kwamba michezo hii ni ya kupoteza wakati. Mohamed Amin, Mkenya aliyezaliwa 1943, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliutikisa ulimwengu, alianza utotoni na Box Brownie ya mitumba, kamera ambayo kwa kweli ni kijisanduku chenye lenzi duni. Alifariki mwaka 1996 katika ajali ya ndege huko Komoro, lakini picha zake zingali nasi. Mwaka 1997, vijana wa mitaa ya Mathare, Nairobi, walipewa kamera za plastiki za bei ya chini katika mradi wa Shootback, na picha walizopiga za maisha yao wenyewe zikachapishwa kitabuni mwaka 1999. Katika visa vyote viwili kifaa kilikuwa duni. Jicho na subira ndivyo vilivyofanya kazi.

Na siku ipo ya kujiunga na wenzako duniani. Tangu mwaka 2001, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Aprili huadhimishwa na wapiga picha wa tundu katika nchi nyingi. Mara nyingi watoto huwa likizoni wakati huo.

Basi mzazi, usitupe mkebe huo. Nawe mwanafunzi, ukifika kwa nyanya, usianze na kamera. Mwamkie, mweleze unachotaka kufanya, umwombe ruhusa. Mwache achague nguo yake na mahali pa kuketi. Mweleze kwamba dakika moja hatatikisika, na pengine atakuambia kwamba amewahi kukaa hivyo studioni, zamani, kabla wewe hujazaliwa, na akuonyeshe picha yenyewe. Muulize aliyesimama kando yake ni nani. Majina hayo yaandike nyuma ya picha kwa penseli, leo, angali yupo wa kukutajia.

Kisha bandua utepe, na uanze kuhesabu.